Daftari la Ijumaa

Mali bila daftari huisha bila habari,
na mwili nao ni mali, alisema Annick,
muuguzi wa zahanati ya mtaa wetu, hapa Ghent,
akinipakulia kwenye simu programu ya kuhesabu.
Kalori elfu moja na mia tano kwa siku.
Zisizidi.
Hakusema za nini.

Miaka ishirini na tisa nimekuwa mhasibu
wa kampuni inayouza vigae vya sakafu.
Ukinipa kikomo, umenipa mchezo.

Basi Ijumaa naamka mkavu kama risiti.
Kahawa chungu, bila sukari, bila maziwa: mbili.
Yai la kuchemsha: sabini na nne.
Saa saba mchana, tufaha: sabini na nane,
nalikata vipande kumi na sita
ili meno yadhani ni mlo.
Joris wa meza ya pili anafungua chupa yake pana,
dengu, majani, mbegu za sijui ndege gani,
anatafuna polepole kama anayesoma mkataba.
"Huli, Godelieve?"
Ninakula, namwambia.
Ninakula kiapo. Ninakula njama.
Tumbo linanguruma katikati ya kikao cha bajeti
na mkurugenzi anachungulia dirishani
akidhani ni lori la takataka.

Saa kumi na mbili jioni, mvua ya Oktoba
haijui kunyesha wala kuacha.
Nafunga baiskeli kwenye nguzo ya taa
mbele ya kibanda cha Odiel
ambacho vioo vyake vinatoka jasho.
Sisemi kitu. Anajua.
Viazi vinazama mara ya kwanza, vinatolewa, vinapumua,
vinazama mara ya pili, vinalia shaaa,
nami ndipo naamka.

Chipsi, pakiti kubwa: mia sita na themanini.
Mayonesi, na Odiel hana mkono wa birika:
mia mbili na sabini.
Kroketi ya nyama, ambayo sijawahi
kuiuliza ukoo wake: mia tatu na kumi.

Nakula nimesimama, vidole vinaungua,
na kwa dakika kumi na moja
sina umri, sina vigae,
sina kitanda chenye upande mmoja baridi.

Nyumbani naandika. Sifichi hata punje.
Simu inajumlisha, inatoa, inawaka kijani.
Zimebaki themanini na sita.
Biskuti ya mdalasini ni arobaini na tatu.
Nakula mbili.
Sifuri.

Lakini ni mimi huyu huyu
niliyewahi kukagua vitabu vya duka la binamu yangu,
vikalingana mpaka senti ya mwisho,
kisha nikashuka ghalani nikakuta
makasha mia moja yamejaa hewa.
Daftari halinusi.
Jumamosi alfajiri ulimi ni soksi,
pete haitoki kidoleni,
na ngazi za ghorofa ya tatu zimeongezeka usiku.
Mwili haujui kusoma kijani.

Jumanne Annick alitazama grafu yangu.
"Hongera. Hujavuka hata siku moja."
Kisha kidole chake kikapanda hadi Ijumaa,
kikatulia hapo.
"Kwa Odiel? Pale darajani?"
Ndiyo.
"Bado anakaanga kwa mafuta ya ng'ombe?"
Ndiyo.
Akameza mate, akatazama mlango,
akaniandikia dawa kwenye kijikaratasi:
Mboga. Hata moja. Tafadhali.

Ijumaa iliyofuata nikamwambia Odiel
animwagie kitunguu kibichi juu ya kroketi.
Alinitazama kama niliyebadili dini.
Kalori kumi na mbili. Biskuti ikawa moja.
Zikabaki thelathini na moja, nikalala nazo.
Sijui kama kitunguu kile kinahesabiwa.
Nimekiingiza safu ya mboga,
kwa wino.