Kauli ya Kutendwa

Ulipiga simu Jumamosi, nikadhani ni mchango wa harusi.
"Mwalimu, njoo Igombe. Njoo na miwani."
Nikaja. Ziwa lilikuwa limelala,
mchanga umetandikwa nyavu, nyavu zimetandikwa dagaa
waking'aa kama sindano zilizomwagika kwa fundi cherehani.

Nyanzobe Masalu, kidato cha nne B, dawati la dirishani.
Daraja la nne, pointi ishirini na nane.
Kwenye ripoti niliandika: Anaweza. Aongeze bidii.
Niliwaandikia hivyo wanafunzi arobaini na wawili,
kalamu haikupumzika hata kwenye nukta.

Ulinipa karatasi tisa zilizobanwa pini,
zinanuka samaki. Kiingereza kitupu.
Milioni moja na nusu, ya chanja na maturubai.
Umeshasaini kila ukurasa, saini ileile
niliyokufundisha kuiweka chini ya barua
kwa rafiki wa kubuni aishiye ng'ambo,
kumwalika aje likizo aone twiga.
Miaka minne tulimwandikia rafiki yule.
Hajajibu.

Nikasoma, nikafasiri.
Mkopo utalipwa. Faini itatozwa.
Dhamana itakamatwa, itauzwa, na itahesabiwa kuwa umeridhia.
Ukanizuia kwa kidole chenye magamba.
"Na nani?"
"Nani nini?"
"Itauzwa na nani?"

Nikapindua kurasa zote tisa. Hakuna jina.
Ndipo ukacheka.
"Si ulitufundisha mwenyewe? Ubaoni, kwa chaki ya bluu:
Kikombe kilivunjwa na Musa.
Ukasema Musa anaweza kuachwa
akiwa hajulikani, au akiwa hana umuhimu.
Nilipata kumi kwa kumi zoezi lile.
Hukutuambia kuna wanaoachwa kwa kuwa wana umuhimu mno."

Tukachana boksi, tukapiga hesabu.
Asilimia nne kwa mwezi, ya deni lote la mwanzo,
hata ukibakiza elfu kumi.
Elfu sitini, mara miezi kumi na minane.
Hesabu za riba mlizisoma, ukasema,
ila kitabuni palikuwa na bwana mmoja tu, aliyeweka akiba.
Aliyekopa hakuwemo.

Sikukuambia siku ile, nakuambia sasa:
karatasi kama hizo ninazo, chini ya godoro.
Ukurasa wa saba ni uleule, neno kwa neno.
Mshahara wangu hukatwa kila tarehe ishirini na tatu.
Hukatwa na nani, sijawahi kuuliza,
mimi mwenye shahada ya lugha hiyohiyo.

Ulinifungia kisado cha dagaa, nikakataa, nikapokea.
Ukafungua daftari lako la biashara:
Kisado kimoja kimetolewa.
Ukasita, ukarudi nyuma ya nukta,
ukaongeza: na Nyanzobe.

Jumatatu, kidato cha tatu, andalio la somo lilitaka
kadi ya mwaliko: mahali, saa, vazi la heshima.
Nikaifunga mihtasari, nikaandika ubaoni
Dhamana itauzwa,
na chini yake swali lako, herufi kubwa.
Kalamu hamsini zikainama kunakili.
Nikasubiri. Nje, mlima wa mawe ulikuwa unapasuliwa kokoto,
nyundo moja, kisha nyingine.
Bugumba wa dawati la nyuma akanyoosha mkono,
moyo wangu ukaruka kama sato kwenye beseni.
"Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"

Nilitaka kumjibu vizuri. Kengele ikanitangulia.
Swali nikaliacha pale, nikamwambia kiongozi wa darasa
lisiguswe mpaka kipindi kijacho.

Jumanne asubuhi
ubao ulikuwa umefutwa.