Mpangaji wa Puani

Umeme wa Kadutu umekwenda tangu saa mbili.
Nageuza kioo cha hadubini kielekee dirishani,
naazima jua kidogo lililobaki juu ya mabati,
na ndipo anapotokea:
kichala kimoja, viwili, kisha shamba zima la zabibu
katika mji usiojua mzabibu,
zambarau kwa rangi niliyompaka,
ametulia ndani ya usaha wa Murhula.

Murhula ana miaka tisa.
Aliteleza kwenye ngazi za udongo akishuka na bidoni,
goti likachubuka, kidonda cha ukubwa wa punje ya mtama.
Nani humpeleka mtoto hospitali kwa punje ya mtama?
Bibi yake, M'Cirhuza, alipuliza, akapaka majivu, basi.

Siku ya nne jipu, jekundu, la moto kama kikombe cha chai.
Akalikamua kwa vidole vilivyotoka kuosha sambaza.
Kidogo kilitoka nje.
Kingi kilirudi ndani.

Ngoja niwaambie, maana namjua:
si mgeni huyu, hakuja na basi wala na mvua.
Katika kila watu watatu, mmoja humlaza puani
bila kodi, bila kelele, miaka nenda rudi,
akisalimiana naye kwa kila pumzi.
Anangoja ufa tu.
Akiupata hana pupa ya mwizi, ana mipango ya fundi:
huigandisha damu yetu, akajishonea humo kanzu,
akapita mbele ya walinzi amevaa nguo zetu.
Mkuki wa mwili ukimfikia, huudaka kwa mpini,
ncha ikabaki ikichoma hewa.
Seli nyeupe zikimzunguka, huzitoboa.
Na hiki tunachokiita usaha,
tunachokifuta kwa kitambaa huku tumekunja uso,
humo mna maiti za waliotutetea.

Kutoka gotini akaingia damuni, akauchagua mfupa wa paja,
pale mtoto anaporefukia.
Usiku wa saba Murhula alimwita mama yake
aliyezikwa Bagira mwaka juzi.

Bibi alinunua vidonge sokoni, viwili, vya rangi mbili,
hela iliyobaki ikanunua makala.
Simlaumu. Nami nimewahi kununua viwili.
Ila dawa nusu ni kumwonyesha adui panga
kisha kulirudisha alani.

Sanduku letu la joto linalindwa na taa ya mafuta.
Siku mbili niliiamkia taa hiyo kama kichanga.
Kwenye sahani ya damu ya kondoo vikaota vitone vya dhahabu,
na kando ya kila kitone, duara angavu:
damu aliyokwisha kuinywa.
Nikapanga karatasi sita zenye dawa.
Ya kwanza, akaisogelea hadi ukingoni.
Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, akaipanda.
Ya tano ndiyo iliyoacha pete tupu,
pana kama ukucha wa kidole gumba,
nami nikapanda ngazi mbili mbili kwenda wodini
nikiwa na jina moja tu mdomoni.

Daktari aliufungua mfupa.
Kipande kilichokufa kilikuwa chepesi kama ganda la karanga.
Atachechemea, akasema, lakini atachechemea mwenyewe.

Wiki ya tatu kijana akaja maabara na fimbo yake,
akataka kumwona. Nikamwinua juu ya kiti.
Alitazama muda mrefu, jicho moja amelifumba kwa mkono.
"Wazuri," akasema.
Halafu: "Wanakula nini?"

Nilijifanya natafuta kifuniko cha chupa.

Alipoondoka nilichukua kijiti chenye pamba,
nikakizungusha puani mwangu, machozi yakanilenga,
nikakipitisha juu ya sahani mpya.
Nimeiandika kwa kalamu ya risasi:
Nabintu, tundu la kushoto.