Pa Kukata

Simu ya mezani ililia saa nane mchana,
mvua ya Belo Horizonte ikipiga bati la karakana,
na Dona Iracilda, pini tatu mdomoni,
akaniashiria kwa nyusi: pokea wewe.

Sauti ya kiume, laini kama bitana ya koti,
ilimtaka mwenye kadi.
"Bibi, hapa benki. Kuna mtu Manaus
ananunua televisheni mbili kwa jina lako."

Pini zikatoka moja moja, zikachomwa kwenye kimto.
Akakaa.
Jina lake, tena!
Jina alilolifua miaka minne
baada ya kumwazima mpwa wake, Adeilton,
si pesa, kadi tu, ile plastiki ya buluu,
akanunue jokofu kwa awamu kumi na mbili.
Adeilton alilipa mbili.
Kumi zilizobaki zilikuja kwa bahasha,
riba ikazaa, wana wa riba wakazaa,
naye kila mwezi akilipa kile kiwango cha chini,
kama mtu achotaye mafuriko kwa subana.
Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.
Yeye harusi hakualikwa;
matanga ndiyo yaliyoletwa mlangoni.
Jokofu lenyewe hajawahi kulifungua.

Kwa hiyo alisikiliza.

"Chukua mkasi, bibi. Ikate kadi katikati,
ila usikiguse kile kidude cha dhahabu,
mashine yetu itakihitaji.
Namba ya siri iandike kwenye karatasi, utie bahasha.
Kijana wetu wa pikipiki yuko njiani.
Huduma hii ni bure."

Akanyanyua mkasi mkubwa, ule ambao mimi,
miezi saba nikipiga pindo, bado siruhusiwi kuushika.
Akailaza kadi juu ya satini
ya bi harusi fulani wa Contagem,
akaitazama kama anavyotazama gauni
la mteja asemaye, "Punguza hapa tu, kidogo."

"Mwanangu," akaiambia simu,
"nina miaka arobaini nikikata nguo.
Anayenionyesha pa kukata
huwa anajua tayari atakachovaa."

Kimya. Halafu ile bitana ikachanika:
"Bibi, fanya haraka, wezi hawasubiri!"
"Hata mimi," akasema,
na mkasi ukapita juu ya dhahabu yenyewe,
kwa mlio mdogo kuliko nilivyotarajia.
Akakata tena. Akakata tena,
vipande vya ukubwa wa ukucha.

Namba halisi ya benki, kumbe,
ilikuwa nyuma ya kadi.
Tulipiga magoti chini ya cherehani tukiokota tarakimu,
saba au moja? sita hii, igeuze, ni tisa,
kisha tukavuka barabara kwenda kwa fundi viatu
kuazima simu yake, kwani yetu, alisema,
huenda bado kuna mtu ndani ya waya.

Manaus hakukuwa na televisheni yoyote.

Pikipiki ilikuja kweli. Ikapiga honi mara mbili.
Kupitia pazia nikamwona: mvulana, rika la kaka yangu,
maji yakimtiririka ukosini.
"Amelowa," Dona Iracilda akanong'ona,
na sijui kama alimhurumia au alimlaani.
Mlango hakuufungua.

Kadi mpya ilifika baada ya siku kumi.
Aliomba kikomo chake kishushwe
hadi bei ya jora moja na uzi wake.
Kila tarehe tano hulipa yote, mpaka senti,
kisha huikunja risiti mara nne
na kuiweka kwenye kopo la vifungo vya kiume.

Jumapili iliyopita Adeilton alileta keki ya mahindi.
Akanywa kahawa, akasifia mapazia, akakohoa.
Kuna runinga, shangazi, awamu sita tu, ni kadi tu...
Shangazi akashusha utepe shingoni,
akamzungushia mabega, akanisomea vipimo, nikaandika.

"Shati nitakushonea," akamwambia.
"Jina nalivaa mwenyewe."