Kifungu cha Maji

Bajeti ilisomwa Juni. Mimi nilikuwa hapa Makadara,
nimeshika mpira wa maji usio na maji,
redio ya Otwoma mpiga picha ikikoroma juu ya benchi.
Barabara zikapata fungu. Taka zikapata fungu.
Bustani tukaingia kwenye "na mengineyo".

Miaka kumi na tisa ninafyeka "na mengineyo".
Nayajua: mjakaranda wa kando ya choo
unaomwaga zambarau kila Oktoba bila kuomba kibali,
na kipara cha nyasi pale pale
wachumba wanapokalia ahadi zao.

Benchi ni la benki. Jina lake liko mgongoni,
ukiegemea rangi mbichi linakugonga shati kama mhuri.
Kampuni ya simu nayo ilitaka kutupa taa,
mradi lango libadilishwe jina.
Kamati ikakaa, chai ikanyweka, giza likabaki.

Kisha amri: tozeni shilingi ishirini mlangoni.
Nikamwona Kerubo muuza njugu
akiwahesabu wanawe wanne kwa macho,
akageuka nao. Walikula ukingoni mwa Barabara ya Jogoo,
vumbi likiwa mboga.
Fedha za lango hupanda Jumba la Jiji kila Ijumaa
katika mfuko wa turubai.
Sijaona hata sumni ikiteremka.

Ndipo wapiga picha wakaanza kutoa chao:
kila picha, shilingi tano ndani ya kopo la maziwa.
Mahafali ya Desemba yakaja, majoho mekundu, maua ya plastiki,
kopo likawa zito kama mtoto aliyelala.
Tukanunua mita arobaini za mpira na bomba la shaba.
Nikamwagilia mpaka nyasi zikasahau Februari.

Jana amefika Munyoki wa kaunti.
Hana ubaya; ana fomu.
Fedha hizi mmekusanya kwa sheria ipi?
Mpira huu umo kwenye rejista gani?
Otwoma akampiga picha kabla hajamaliza kuuliza,
kasimama katikati ya kijani, tai imepinda.
Akaitazama muda mrefu.
Akalipa hamsini. Akadai risiti. Hatuna.

Mpira ameuandika: mali ya umma, mita arobaini.
Kopo hakulitaja.
Bajeti nyingine yasomwa Juni.
Nimelisogeza karibu na lango, na mfuniko nimeutoa.