Kichupa cha Baridi

Sisimizi ndio walioleta habari.
Mstari mmoja, mwembamba kama uzi wa kofia,
ulitoka dirishani, ukapita nyuma ya redio,
ukapanda kabati la vyombo vya harusi
mpaka kwenye tufe la kioo alilotuma Mwanatumu
kutoka Bergen, mwaka wake wa kwanza wa uuguzi.

Walikuwa wakinywa theluji.

"Chavuja," mama akasema. "Chavuja, nawe wakitazama tu."
Yeye hukiita kichupa cha baridi.
Kanisa lililo ndani, lenye mnara mrefu,
alishaamua zamani kuwa ni msikiti wa huko,
na hapana aliyemsahihisha.

Juu ya mnara palikuwa na hewa, upana wa kidole gumba.
Kila Februari ikizidi.
Joto hutanua maji, maji husukuma mpira,
na gundi ya kiwandani
haikuambiwa kwamba itaishi Kibokoni.

Nikakilaza kichwa chini juu ya taulo.
Nikakwangua kwa wembe,
nikazungusha kizibo kidogo kidogo
kama mtu ang'oaye jino la mtoto
huku akimsimulia jambo jingine.
Kikatoka: pwa.

Hapo nikasita.
Maji yalikuwa bakulini, manjano kidogo,
yakinuka kama sanduku lililofungwa.
Maji ya huko. Miaka kumi na moja.
Sikuweza kuyamwaga kwenye karo
alimoparia mama changu asubuhi ile.
Nikayachuja kwa kitambaa ili theluji ibaki.
Haikubaki; ilikwisha kuwa uji.
Maji nikaupa mrihani wa barazani,
ukanyauka siku mbili, kisha ukanisamehe.

Ya bomba letu yana chumvi.
Ya mkokoteni, Mungu ndiye ajuaye kisima chake.
Nikaenda kituo cha petroli kununua maji ya betri.
"Gari gani?" kijana akauliza.
"Halina magurudumu," nikamwambia,
naye akanirudishia chenji akinitazama sana.

Theluji mpya ni maganda ya mkate wa mayai.
Nimeyabandua utando, nikayaanika,
nikayatwanga kwenye kinu cha viungo;
ukiyanusa kwa makini, yana iliki.
Glisirini ilikuwako, mama hujipaka visigino.
Kijiko kimoja: zikaanguka kama kokoto.
Viwili: bado zina haraka.
Kwa cha tatu zikashuka
kama mtu atafutaye ndara zake gizani
asitake kuwaamsha wenziwe.

Gundi nilipewa na Swabri, afugaye samaki wa rangi.
"Saa ishirini na nne, usiguse."
Mama aligusa saa ya tatu.
Alama ya kidole chake iko hapo ukingoni,
imeganda, na sitaikwangua.

Povu dogo nimeliacha makusudi, kama punje ya dengu.
Mwanatumu akaliona kwenye simu.
"Hujakijaza," akasema.
Kwao ilikuwa saa kumi za jioni
na dirisha lake lilikuwa jeusi tayari.
"Kisipoachiwa nafasi," nikamjibu, "kitavuja tena."
Akanyamaza kidogo.
Nikaona anageuza uso, kama aliyeitwa na mtu,
lakini nijuavyo mimi anakaa peke yake.
Ndipo mama akaninyang'anya simu
kumuuliza amekula nini, na je, kile kitu
anachokiita samaki kina miba?

Asubuhi akaja sisimizi mmoja,
njia ile ile, nyuma ya redio.
Akazunguka kitako cha kichupa, akapapasa gundi,
akarudi, akazunguka tena.
Hakuna.
Ndani, maganda yalikuwa yametulia juu ya paa la kanisa.
Mama alisimama akimtazama, sahani ya viazi mkononi,
kisha akalowesha ncha ya kidole, akachovya sukari,
akamwekea chembe tatu kwenye mbao ya kabati
na kunikataza nisipanguse.