Chumba Namba Tano

Mhandisi wa gesi alipoondoka Shangani
aliniachia deni la siku kumi na moja,
soksi ya mguu mmoja, chaja isiyoingia simu yoyote,
na tangi la kioo, lita mia na ishirini,
ndani yake gurami mmoja wa buluu
mwenye madoa mawili ubavuni.
"Doa la tatu ni jicho," akaniambia mtoto wa Bi Somoe,
kama anayenisahihisha hesabu za mapato.

Nililiweka mapokezi. Mtwara ilikuwa imepoa,
vyumba tisa, funguo nane zimening'inia msumarini.
Nikamwonea huruma:
mpweke ni mpweke, hata awe na mapezi.
Nikamnunulia wawili, buluu kama yeye.
Ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja, nilijiambia.
Kumbe ndege si samaki.
Asubuhi mmoja anaelea, ubavu juu,
mapezi yamechanika kama kanga iliyopita kwenye seng'enge.
Wa pili nilimkuta nyuma ya pampu,
kajibana kama mdaiwa.

Nikampigia Chihemba, mtoto wa kaka yangu,
anauza samaki wa mapambo Kariakoo
kati ya duka la betri na duka la magodoro.
Alicheka kwanza. Kisha akauliza kama mshenga:
Tangi refu au la kwenda juu? Maji ya wapi? Nani yumo tayari?
"Shangazi, hao ni madume.
Umeweka wenyeviti watatu kwenye mtaa mmoja."

Akanitajia, nami nikaandika nyuma ya daftari la wageni:

Lulu. Mpole, ana ndevu mbili nyembamba kama uzi,
hupapasa nazo kila kitu kabla ya kukiamini.
Asimkaribie yule mwenye milia kama simba marara,
atamng'ata ndevu kwa uchokozi tu.

Asali. Mdogo. Mwoga. Hali mpaka atazame nyuma.

Kibete. Mzuri kupita kiasi, na anajua.
Dume mmoja, basi. Na akiugua ule ugonjwa wao, hakuna dawa.

Mbusu. "Anambusu mwenzake, Shangazi, lakini ule ni ugomvi.
Halafu anakua hadi kulingana na sahani."

Jitu. Hata usiulize bei.

Kibete nilimfuta. Nikamrudisha. Nikamfuta tena.
Mume wangu wa kwanza alikuwa mzuri vile vile.

Kisima chetu kina chumvi, sabuni inagoma kutoa povu,
kwa hiyo nilikinga ya mvua, mapipa mawili,
bati likinikosesha usingizi.
Nikatandaza majani yanayoelea
ili asiyetaka kuonekana asionekane.
Yule wa buluu nikamhamisha:
kabati la kioo la maandazi, la biashara iliyokufa,
fundi akaliziba kwa silikoni,
nikaliweka chumba namba tano, alikolala bwana wake.

Basi liliwaleta alfajiri, ndani ya boksi la feni,
mifuko imevimba hewa, imevishwa magazeti.
Lulu dume mmoja, majike watatu. Asali sita.
Nilikaa na chai mpaka ikapoa
nikingoja vita.

Dume la lulu lilinyoosha ndevu, likamgusa mmoja wa asali.
Asali akasogea kidogo.
Basi. Ndiyo ilikuwa habari yote ya siku ile.

Sikuwa najua kwamba wanavuta hewa kama sisi.
Hupanda juu, mdomo unatoboa maji,
humeza hewa hii hii ya mapokezi
yenye harufu ya korosho mbichi na rangi ya ukutani,
kisha hushuka bila kumwambia mtu.
Tangu siku hiyo sipulizi dawa ya mbu.
Mgeni akilalamika nampa chandarua cha pili.

Jana kaja mnunuzi wa korosho kutoka Newala,
anataka dirisha la nyuma, namba tano.
Ina mtu, nikamwambia.
Mbona ufunguo uko hapa?
Hatoki, nikasema, hapatani na wenzake.
Nikampa wa namba saba.