Sauti ya Tatu

Waulize wanakwaya wa Ndanda, watakwambia:
ya kwanza na ya pili ni za wanawake,
ya nne ni ya wanaume wenye vifua vipana,
ya tatu ni ya waliobaki.
Ndugu yangu Odilo alikuwa sauti ya tatu.

Mwalimu Kanisius aligonga kijiti kwenye benchi:
"Punguza, Odilo. Unawafunika wenzako."
Akapunguza. Alikuwa na miaka kumi na saba,
fulana ina unga wa salfa
maana alfajiri alishika pampu mikoroshoni kwa baba,
na bado pumzi yake ilifika kule juu
kwa mtakatifu wa kioo aliyepasuka pua.

Padri mmoja mzee akaandika barua. Sijui aliandika nini.
Siku ya safari mama alimfungia korosho kilo tatu,
daraja la kwanza, nilizichambua mwenyewe,
zikatupwa kwenye uwanja wa ndege sijui upi.

Kisha zikaanza kuja picha.
Odilo kavaa joho. Odilo kafunga upanga kiunoni.
Odilo kapigiwa magoti na mwanamke wa Kizungu
analia machozi ya kweli kabisa.
Magazeti ya huko, alisema mpwa wetu anayejua kuyasoma,
yanaiita sauti yake shaba iliyopakwa asali.
Mama akauliza: shaba inapakwa asali ili iweje?

Ila swali lake hasa lilikuwa: mbona hapa kalala?
Tukamweleza. Mchezo huu anachomwa kisu.
Huu wanampiga risasi.
Huu anakufa kwa mapenzi tu, hana hata jeraha.
"Kila usiku?"
Jumanne na Ijumaa, mama. Na Jumapili mchana.
Akaenda kwa paroko na elfu tano, aombewe misa.
Paroko akamrudishia huku anacheka. Mama hakucheka.
Alianza kuhesabu, kwa mkaa, nyuma ya mlango wa jikoni,
mistari minne na wa tano wa kulaza,
kama karani wa ghala na magunia yake.

Vifo vilipofika mia mbili na kitu
akaja shangazi Akulina kutoka Newala,
akazipitia picha kama anayechambua mbaazi, akasema:
"We naye. Hili si lipiko?"
Mama akanyamaza.
Lipiko linaanguka uwanjani, linainuka, linakwenda zake,
na sisi wanawake tumefundwa tangu zamani
kutojua nani yumo ndani.
"Basi," alisema, "huyo mimi simjui."
Akaenda kuchemsha ming'oko.
Mlango hakuufuta.

Odilo alirudi mwaka juzi, mwezi wa sita,
mama ana miezi minne kaburini.
Mvi. Sanduku la magurudumu yaliyogoma kwenye mchanga.
Skafu shingoni, na joto lile.
Koo limepasuliwa mara mbili, juu hafiki tena;
alilisema hilo kama anayetaja bei ya sukari.
Nikamwonyesha mlango.
Alihesabu kwa kidole, midomo ikitembea,
kisha akakalia kinu, jambo ambalo mama asingelikubali.
"Alikosea," alisema. "Nilikufa zaidi ya hapo."

Jumapili walitaka aimbe peke yake.
Mwenyekiti wa parokia kaazima kipaza sauti mpaka Masasi.
Akakataa. Alikwenda kusimama mstari wa nyuma,
kati ya fundi baiskeli na kijana wa bodaboda,
kashika nota zilizotolewa fotokopi
mpaka nukta zimekuwa wingu.
Upepo ukaleta salfa ya mashambani. Akakohoa.
Tukaanza.

Mwalimu Kanisius, jicho moja limeingia ukungu
na la pili liko njiani,
haoni tena nani kasimama wapi.
Akagonga kijiti:
"Huko nyuma. Sauti ya tatu. Punguza."

Nilisikia akipunguza.
Uso wake sikuuona. Mimi ni sauti ya pili,
tunasimama mbele,
na katikati ya wimbo hatugeuki.